Ganzi Mikononi mwa Mkunga

Haya, ngoja niseme mapema tusije tukasumbuana. Kama unatafuta kujua mdudu wa ugonjwa huu anaitwaje na anaingiaje mwilini, mfuate daktari, ana karatasi nyingi za kukupa. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka ishirini na miwili kwenye zahanati moja huku milimani Uluguru, na elimu yote niliyokuwa nayo haikunisaidia kitu siku nilipougua mwenyewe. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amekaa mahali anasugua vidole vyake, anajiambia ni uchovu tu utapita. Haupiti. Nenda kapime.

Jina langu Skolastika. Watu huniita Sista Skola, si kwamba ni mtawa, nina mume na mabinti wawili, ila huku kwetu kila muuguzi mwanamke ni sista. Niliugua ukoma. Ndiyo, ukoma, ule ule wa kwenye Biblia, na nimepona. Nikilitaja neno hilo watu wanarudi nyuma hatua moja, halafu wanajifanya walikuwa wanatafuta pa kukaa. Zamani nilikuwa nawaonea huruma. Siku hizi nawaambia kiti kile pale, kaa, nimalize kuongea.

Ilianza na harufu. Nilikuwa jikoni naipua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu, jambo ambalo wanawake wa kwetu tunalifanya tangu usichana na tunajisifia. Mume wangu, Kosmas, mkulima wa njegere na kabichi, alikuwa mlangoni anavua mabuti ya shamba. Akasema, "Skola, kuna kitu kinaungua." Nikamjibu kwamba maharage yangu hayajaungua, mimi si mwanamke wa kuunguza maharage. Tukabishana. Basi akaja, akanishika kiganja, akakigeuza juu. Aliyekuwa anaungua nilikuwa mimi. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimeshatoka malengelenge, na mimi nimesimama pale nagombana na mwenye pua.

Unajua nilisema nini? Nilisema ni ile dawa tunayooshea vifaa, imekausha ngozi. Vifungo vya gauni vikaanza kunishinda, nikasema siku hizi wanashona vifungo vidogo. Sindano ikanidondoka mkononi mara mbili ndani ya wiki moja, nikasema glavu zilizoletwa ni kubwa. Kila kitu duniani kilikuwa na kosa isipokuwa Skolastika. Na kila mwaka, jamani, kila mwaka nilikuwa nasimama mbele ya kina mama na picha za mabaka, nawafundisha: baka lisilowasha, lisilouma, ukiligusa kwa pamba husikii, njoo mapema. Baka langu lilikuwa nyuma ya mkono wa kulia, juu ya kiwiko, mahali ambapo mtu hajioni. Kosmas alikuwa analiona. Miaka miwili analiona! Alidhani ni utangotango, yale mabaka ya jasho. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu, "Si wewe ndiye nesi?" Hasira niliyoipata siku hiyo bado ninayo, imepungua kidogo tu.

Wanasema mganga hajigangi. Ni kweli, lakini mimi nilifanya zaidi ya kutojiganga.

Lazima nieleze kazi yangu kidogo, maana humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Mkunga hapimi tumbo la mjamzito kwa macho. Anapasha mikono joto, anaiweka tumboni, anatafuta. Kichwa cha mtoto ni kigumu, cha mviringo, ukikisukuma kinacheza. Matako ni laini na hayana umbo la kueleweka. Mgongo umenyooka upande mmoja, vijiguu upande wa pili. Zahanati yetu haikuwa na mashine ya kupiga picha tumbo. Mashine nilikuwa mimi. Wanawake walikuwa wanateremka vilima viwili, wanaipita zahanati ya jirani, wanakuja kwangu kwa sababu ilisemekana mikono ya Sista Skola haikosei. Na mimi nilisikia wakisema hivyo, na nilipenda.

Zainabu alikuja kupimwa mara ya mwisho wakati wa masika. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza, anauza ndizi gulioni pamoja na mama mkwe wake, Bi Mwanahawa. Nje mvua inapiga bati, foleni ya kina mama imejaa hadi barazani, kila mtu miguu matope. Nikampandisha kitandani, nikaweka mikono. Nitakuambia kitu na uniamini: nilikisikia kichwa. Kilikuwa chini, kigumu, kinacheza kama inavyotakiwa. Nikachukua kile kifaa chetu cha kusikilizia moyo wa mtoto, chenye umbo la tarumbeta ndogo, nikakiweka chini ya kitovu, pale ambapo moyo husikika mtoto akiwa ametanguliza kichwa. Nikausikia, kwa mbali, nikasema mvua ndiyo inayoleta kelele. Nikaandika kwenye kadi: kichwa chini. Vidole vyangu wakati huo vilikuwa na ganzi karibu mwaka mzima.

Siku kumi baadaye akaletwa na uchungu. Nikampima kwa ndani, nikakutana na kitu nisichokielewa. Glavu, nikasema tena, hizi glavu. Kisha kikatoka kinyesi cha kwanza cha mtoto, kizito, cheusi, hakijachanganyika na maji, na macho yangu yakaniambia kile ambacho vidole havikuniambia. Mtoto alikuwa ametanguliza matako. Nikapiga simu gari la wagonjwa, likaja, likanasa kwenye kona ya kwanza ya mteremko. Wanaume wakatoka mashambani na majembe yao wakalisukuma huku Zainabu akilia mle ndani na mimi nimemshika mkono nisioweza kuusikia. Alifanyiwa upasuaji mjini. Mtoto wa kiume alitoka amechoka, hakulia, akakaa siku nyingi kwenye mashine ya hewa.

Aliishi. Na unajua walichofanya? Walikuja kunishukuru! Bi Mwanahawa alipanda hadi nyumbani kwangu na mkungu wa ndizi na kuku jike, akasema bila Sista Skola kugundua mapema tungezika wawili. Mimi nimekaa pale nasema "asante bibi, karibu tena." Yule kuku sikuweza kumla. Kosmas alimla.

Bi Mwanahawa alipoondoka nikaingia chumbani, nikachukua pini, nikajichoma kidole cha shahada hadi damu ikatoka. Nikaiangalia ile damu. Nikachoma cha kati. Nikachoma gumba. Kisha nikakaa kitandani nikalia kwa sauti, Kosmas akaja kusimama mlangoni.

Kliniki ya ukoma mjini Morogoro iko chumba kimoja na ya kifua kikuu, nyuma kabisa ya hospitali, na kila anayekaa kwenye lile benchi anajulikana amefuata nini. Nilijifunga mtandio mpaka puani. Haukusaidia. Sijamaliza hata kukaa, mama mmoja niliyemzalisha watoto watatu akaniona kutoka ng'ambo ya uwanja: "Sista Skola! Umehamishiwa huku?" Nikasema ndiyo, nimekuja kusimamia. Kusimamia! Nikakaa kusimamia lile benchi kutoka saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, sijui hata naanzia wapi kuhesabu watu waliopita mbele yangu na faili langu likiwa bado chini ya mafaili yao.

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta alisogea, akanipa sehemu yake niegemee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanitazama miguu. "Mwanangu, kabla hujavaa kiatu, kitazame ndani. Kila siku. Mimi nilitembea na msumari kutoka Kingolwira mpaka hapa mjini, najiona mzima, nashangaa watu wananionyesha damu." Alicheka. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole. Sikutaka kuongea naye, nilitaka kuwa muuguzi, si mwenzake. Lakini tangu siku hiyo viatu vyangu navitazama ndani, na namshukuru.

Mratibu wa kifua kikuu na ukoma alikuwa kijana wa umri wa binti yangu mkubwa. Aliniamkia kwa heshima, akanipapasa kiwiko kutafuta mshipa wa fahamu, akaukuta umevimba. Akaniambia nifumbe macho, anagusa kwa ncha ya kalamu, mimi nionyeshe alipogusa. Mkono wa kushoto nilipata baadhi. Wa kulia karibu nikose wote. Akaniuliza nimegundua lini. Nikamwambia sijagundua, nimeletwa na kuku. Hakuelewa, sikumfafanulia.

Pakiti kumi na mbili. Hiyo ndiyo kalenda yangu ya mwaka ule, na kazini nikapewa likizo ya matibabu. Kila mwezi pakiti moja, vidonge vya siku ya kwanza unavimeza mbele ya mratibu, vingine unaondoka navyo. Pakiti ya kwanza mkojo ukawa mwekundu. Nilikuwa najua utakuwa mwekundu, nimewaambia wagonjwa wangapi, na bado nilipiga yowe chooni. Kufikia ya tatu ngozi yangu ya maji ya kunde ikageuka rangi ya zambarau iliyoiva, kila ninayekutana naye ananiuliza natumia mafuta gani. Kulikuwa pia na dawa ya kutuliza mishipa, hiyo ilinivimbisha uso ukawa duara, ikanipa njaa ya kula viazi sufuria nzima, na hasira. Kosmas anasema hasira zilikuwepo kabla ya vidonge. Kosmas aendelee na kabichi zake.

Sasa tumfikie kaka yangu, Fulgensi.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mabinti zangu, baba yao ni Kosmas, lakini wakitaka kuolewa, mwenye neno la mwisho ni Fulgensi. Na kama mtoto ni wa ukoo wa mama, basi na ugonjwa nao watu huuweka humo humo. Usiniulize kama ni kweli. Si kweli, dawa ya mwezi wa kwanza tu inatosha huambukizi mtu, na ukoma hauulizi ukoo. Lakini binti yangu Prisila alikuwa ameshaletewa posa, na Fulgensi aliona mbali: neno ukoma likitoka nje ya nyumba, hakuna binti wa ukoo wetu atakayeolewa tena. Basi akapanda bodaboda kutoka Mzumbe akaja kuniponya kwa maneno.

Fulgensi alikaa seminari miaka minne akatoka, kisha akafanya kazi kwenye maktaba ya chuo hadi alipostaafu. Vitabu vyote alivyovifuta vumbi amevisoma, au ndivyo anavyodai. Akakaa sebuleni kwangu, akaomba chai, akaanza.

"Skola, wewe unafanya kazi kwa akili au kwa vidole?"

"Kwa vyote viwili, kaka."

"Hapana. Kidole hakijui kitu. Kidole ni tarishi, kinapeleka barua tu. Anayeisoma ni akili. Na akili haina ngozi, haina mishipa, haishikwi na ganzi. Mwili ni kitu kingine kabisa."

"Na tarishi asipoleta barua?"

"Miaka ishirini na miwili!" akasema, na kikombe kinatikisika. "Barua zote umeshazisoma. Matumbo mangapi umeyapima? Akili yako inayajua yote. Kipofu si anatembea nyumbani kwake bila kugonga kiti? Wewe huna ugonjwa, una uchovu wa mikono. Maliza likizo yako, rudi kazini, na neno lile lisitamkwe."

Ningependa kukuambia nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilimwongezea chai. Nilikuwa mtu ambaye jina lake lote liko mikononi, na hapa anatokea msomi wa ukoo ananiambia jina hilo liko kichwani, salama, halijaguswa na kitu. Nani asingetaka kuamini? Mkuu wangu wa zahanati alikuwa amesema anachohitaji ni barua ya mratibu kwamba mikono yangu inafaa kurudi wodi ya wazazi. Nikaamua nitaipata hiyo barua.

Fulgensi akawa anakuja kila Jumapili baada ya misa kunifanyisha mazoezi. Anaweka mezani bakuli lenye njegere, lingine maharage, lingine mahindi, mimi nafumba macho, natumbukiza mkono, nasema hiki ni nini. Nilipata karibu yote. Fulgensi alipiga makofi akasema unaona, akili! Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu masika. Kosmas alikuwa pembeni ananoa panga. Akasema, bila kuinua kichwa, "Njegere zinagonga bakuli. Mahindi nayo yanagonga kivyake. Tumbo la mtu halina mlio."

Fulgensi akamwambia shemeji, haya mambo ni mazito, waachie wenyewe. Kosmas akaendelea kunoa.

Pakiti ya sita ilinikuta kwenye vuli. Nikateremka mjini nimejiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani wa darasa la saba. Nilikuwa najua mpangilio wa kipimo: unaanzia gumba, unakwenda shahada, unateremka kiganjani, unamalizia kidole kidogo. Kitabu cha mafunzo ni kile kile, mimi mwenyewe nilikisoma. Kijana akasema, "Fumba macho, sista." Nikafumba.

Na nikasikia! Ncha ya kalamu kwenye gumba, baridi kidogo, nikaonyesha. Shahada, nikaonyesha. Akatulia kidogo, nikangoja, kiganjani katikati, hapo. Moyo unanienda mbio kwa furaha. Nikasikia cha kati, nikasikia kidole kidogo, na nilikuwa nasikia kweli, sikuwa nadanganya, naapa kwa kaburi la mama yangu. Nikaonyesha sehemu tano, moja baada ya nyingine.

"Sista," akasema, "fumbua macho."

Kalamu ilikuwa mezani, imefunikwa. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Sijakugusa," akasema. "Tangu ulipofumba."

Nilimtukana. Nakiri, na nimeshamwomba radhi. Nilimwambia ananichezea, hana adabu, mimi ni sawa na mama yake, nimezalisha watu wa umri wake. Aliningoja mpaka nikaishiwa pumzi, akanimiminia maji kwenye kikombe cha plastiki, akakisogeza upande wa mkono wa kushoto, ule wenye nafuu. Hilo nalo nimelikumbuka baadaye, kwamba alichagua upande. Akasema, "Sista, ukiniambia husikii, nitakuandikia barua upewe kazi nyingine, na mikono tutaendelea kuitibu. Lakini ukiniambia unasikia, mimi nikuandikie nini?"

Sikuwa namuona tena. Nilikuwa naona tumbo la Zainabu. Kile kichwa nilichokisikia kimekaa vizuri chini, kigumu, kinacheza, kilikuwa kama ile kalamu. Hakikuwepo. Nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe, kizuri kuliko kichwa cha kweli, kwa sababu nimeshika vichwa vingi sana na nilijua kinavyotakiwa kuwa. Hata mapigo ya moyo niliyoyasikia kwenye mvua, sijui leo hii niliyasikia au niliyatunga. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka kesho. Kama mtu amepoteza hisia na anajua amepoteza, ataangalia, atauliza, atachukua tahadhari. Mimi akili yangu ilinifichia. Ilipokosa habari haikusema sina habari.

Jumapili Fulgensi alikuja na mabakuli yake. Nilimwambia sitaki.

"Akili yako hiyo isiyoshikwa na ganzi, kaka, nimeiona inavyofanya kazi. Tarishi hakuleta barua, ikakaa ikaandika barua yenyewe, ikaisoma, ikaiamini. Karibu imuue mtoto wa watu."

"Skola, punguza sauti."

"Sipunguzi. Wewe ulifuta vumbi vitabu vya watu ambao hawajawahi kumpima mjamzito. Nina ukoma. Nina ukoma, kaka, na majirani kama wanasikia na wasikie."

"Na Prisila? Umemfikiria Prisila?"

Prisila alikuwa uani anasikia kila kitu. Akaingia na ndoo mkononi, akasema, "Shikamoo mjomba. Mwenye kunikimbia kwa ajili ya mkono wa mama, bora akimbie sasa, kabla sijamfulia." Fulgensi alikunywa chai yake akaondoka bila kuaga, akakaa miezi miwili hajapiga simu. Watu wa mchumba wa Prisila waliambiwa. Walikaa kimya wiki tatu, kisha akaja shangazi mmoja akataka kuuona mkono wangu kwa macho yake. Nikamwonyesha. Akasema, "Kumbe ni huu tu," akaomba maji ya kunywa. Ndoa ilifungwa, na mimi nilicheza ngoma na uso wangu wa duara.

Barua ya kazi nyingine niliipata pakiti ya saba. Siku hizi nakaa meza ya mbele, napokea kina mama, napima uzito, naandika kadi, nafundisha mambo ya mabaka na sasa sihitaji picha. Anayeweka mikono tumboni ni Neema, muuguzi mpya, mikono yake bado inatetemeka. Mkono wa kushoto umerudi kwa sehemu kubwa. Wa kulia umerudi gumba na kipande cha kiganja, mengine mratibu anasema tungoje, na mimi nimechoka na neno tungoje kuliko ninavyoweza kueleza. Naipua sufuria kwa kitambaa. Naoga maji baada ya Kosmas kuyagusa kwanza. Mwanamke mzima, mume anapima maji yangu kama ya mtoto mchanga! Lakini anayapima kila siku, na hajawahi kulalamika.

Pakiti ya kumi na mbili ilipoisha nilibaki na Zainabu. Mwaka mzima nilikuwa nabadili njia nikimwona gulioni. Nilijiambia ameshasahau, mtoto ni mzima, ya nini kumtia uchungu. Kosmas, ambaye hasemi, alisema, "Alikuletea kuku." Basi kwenye baridi ya mwezi wa sita nikavaa kanga mbili, nikateremka mpaka kwao.

Nilimkuta amekaa kwenye jamvi anamenya ndizi, mtoto anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Akanikaribisha, akasimama kunipa kigoda. "Shikamoo sista, umepotea!" Nikaitikia, nikakaa, nikamwambia yote bila kuzunguka. Kwamba siku ile nilipompima vidole vyangu vilikuwa na ganzi, kwamba niliandika kichwa chini na hakikuwa chini, kwamba ile shukrani haikuwa yangu. Nilimwambia nilikuwa na uhakika. Nilimwambia hata leo sielewi ningejuaje kwamba nakosea.

Zainabu aliendelea kumenya. Akamaliza ndizi moja, akachukua nyingine.

"Lakini mimi nilikuambia, sista."

"Uliniambia nini?"

"Siku ile kitandani. Nilikuambia kuna kitu kigumu kinanibana hapa juu, nikikaa kinanichoma mbavu, nikilala ubavu kinahama kizima kizima. Nikakuambia mbona kama kichwa? Ukacheka. Ukasema mimba ya kwanza ina mambo mengi, hayo ni matako, wewe utajuaje."

Sikuwa nakumbuka. Nilitafuta kichwani mwangu, humo humo Fulgensi alimosema kila kitu kimehifadhiwa, sikukuta chochote. Nilikumbuka mvua kwenye bati. Nilikumbuka foleni na matope. Sauti ya Zainabu haikuwemo, na alikuwa amelala nusu mita kutoka masikioni mwangu, mwenye tumbo mwenyewe, mzima wa hisia zote, ananiambia.

"Ukasema unajua," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Basi na mimi nikanyamaza."

Zainabu akaweka kisu chini, akafuta utomvu wa ndizi kwenye kanga, akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka mwilini mwake, juu, chini kidogo ya titi la kushoto.

"Hapa," akasema. "Kilikuwa hapa."

Akaubonyeza mkono wangu kwa nguvu zake zote mbavuni. Niliona kanga inakunjamana, niliona vidole vyangu vinapinda kwa jinsi alivyovikandamiza. Akanitazama usoni, anangoja, kama wanavyongoja wote wakiwa kitandani.

"Unasikia, sista?"

"Hapana, Zainabu," nikamwambia. "Sisikii kitu. Nieleze wewe."